Saa ya Kwendea Ukweni

Mtu akitaka kuoa mara ya pili hutafuta mshenga mwenye ulimi laini. Ponsiano alinitafuta mimi. Nilikuwa katekista wa kigango cha Michenga miaka ishirini na minane, na ulaini wa ulimi wangu uliishia huko, kwa kuwafundisha Amri Kumi watu waliokuwa wanazijua vizuri ila hawakuwa na mpango nazo. Ponsiano alilijua hilo. Lakini washenga wenye ulimi laini walikuwa wameshamkimbia, kwa sababu Ponsiano ni mchelewaji, na hakuna ulimi unaoweza kulainisha hilo.

Sisemi mchelewaji wa nusu saa. Huyo kwetu anaitwa mtu. Ponsiano ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi, atakwambia yuko njiani, anakata kona, anakuona, huku nyuma yake unasikia mashine ya kukoboa mpunga ikinguruma na mteja akipiga kelele kwamba gunia lake limeachwa juani. Alizaliwa upande wa Mahenge, akashuka bondeni na baba yake akiwa bado anavaa kaptula, akabeba mpunga wa watu kwa baiskeli mpaka magoti yakaota sugu, akanunua injini moja kuukuu, halafu ya pili. Leo pale nyuma ya soko la Ifakara ukisema "kwa Ponsiano" hata mbwa wanajua njia. Ni mtu mwema. Nalisema mapema nisije nikalisahau.

Mkewe Herieth alifariki miaka sita iliyopita, watoto wakatawanyika, kila mmoja na mji wake na sababu zake za kutopiga simu. Tangu hapo Ponsiano anakula kwa mama lishe mkabala na mashine. Anakula amesimama. Mwanamume mwenye mashine mbili na pikapu, anakula wali amesimama kama anayesubiri kufukuzwa. Mimi niliona hayo kila nilipokwenda kukoboa, na kwa hasira zangu zote yaliniuma.

Halafu akamwona Verediana. Ilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Verediana alikuwa anagawa sahani, mama wa miaka arobaini na nane, mjane wa dereva wa lori, anauza ndizi na mchele barabarani kule Sanje. Alipofika kwa Ponsiano aliweka sahani chini, akamgeuza kola ya shati iliyokuwa imekunjamana, akaendelea na kazi yake. Basi. Mtu mzima na mvi zake akaja kwangu kesho yake asubuhi, akasema, "Shikamoo Katekista. Nimepata mtu." Nilimuuliza kama huyo mtu anajua kwamba amepatikana.

Alikuwa anajua. Nilikwenda Sanje peke yangu, nikapeleka barua, ikapokelewa vizuri. Tukapangiwa siku: Jumamosi moja ya Januari, saa nne asubuhi, waposaji waje wote wawili, maana wazee wa pale walitaka kumwona mwenyewe kwa macho. Tukafika saa kumi jioni. Kisa, mteja kutoka Masagati aliyelala njiani siku mbili na magunia yake, umeme ulikatika asubuhi ukarudi saa saba, na Ponsiano alisema hawezi kumwacha mtu wa mbali na mpunga wake mlangoni. Wazee walikuwa wameondoka. Mjomba wa Verediana, Mzee Fidelis, alitupokea peke yake, akatupa maji ya kunywa, akasema maneno mafupi: "Mje tena baada ya Pasaka. Lakini safari hii mje kwa wakati."

Aibu ile niliibeba mimi, si yeye. Ndani ya pikapu nilimrarua kuanzia Sanje mpaka Kiberege. Nilimwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nilimwambia ukipewa saa nne, ufike saa nne, usifike na dakika moja juu yake. Nilimwambia huyu mama akikupita hutapata mwingine wa kukugeuza kola, utakula umesimama mpaka uzikwe. Tulipofika Ifakara akazima gari, akasema, "Katekista, tatizo langu ni saa."

Mtu mwingine angesema tatizo langu ni kutoka nyumbani. Yeye alisema saa.

Kwa haki yake, alikuwa na historia mbaya na saa. Ya kwanza aliinunua kwa machinga stendi. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na baada ya wiki dhahabu yote ikahamia mkononi, saa ikabaki nyeupe. Ya pili aliichukua katika duka la vioo pale mjini, linalouza saa, simu, redio na mitego ya panya. Ile ilikufa kwa vumbi la mashine. Fundi alipoifungua alikuta pumba laini za kumshibisha kifaranga. Kwa hiyo ya tatu, alisema Ponsiano, lazima iwe saa kwelikweli, isiyoingia pumba, isiyodanganya, saa ya kwendea ukweni. Na saa hizo ziko Dar es Salaam.

Ndivyo Kwaresima ile, badala ya kufanya Njia ya Msalaba, mimi katekista mstaafu nilifanya njia ya maduka ya saa. Ponsiano alikuwa anapeleka mchele Tandale, nami akanichukua kama shahidi. Alivaa koti la suti alilofungia ndoa na marehemu. Lilikuwa limembana mgongoni, lakini alisema maduka yale hayaingiwi na shati tupu.

La kwanza lilikuwa mjini Posta. Mlango umefungwa mchana kweupe, unabonyeza kengele, mlinzi anakutazama viatu, halafu anaamua kama wewe ni mteja. Ndani baridi ya kuhifadhia maiti. Saa zenyewe zilikuwa kumi na mbili tu, kila moja imelala kwenye mto wake kama mgonjwa wa daraja la kwanza. Ifakara duka lenye bidhaa kumi na mbili tungesema mwenyewe amefilisika. Tukaketishwa kwenye viti vya ngozi, tukaletewa kahawa kwenye vikombe vya kuchezea watoto, na kijana mwenye glavu nyeupe akatoa saa moja akaiweka mbele ya Ponsiano kwa vidole viwili.

Sasa, Ponsiano ni mnunuzi wa mpunga. Mnunuzi wa mpunga hasifii mali ya mtu hata siku moja; akisifia bei imepanda. Na hanunui kwa macho. Anatia mkono ndani ya gunia, anachukua punje, anaitia menoni. Ikilia, imekauka, ikikunjika, anarudisha gunia. Amefanya hivyo miaka thelathini. Kwa hiyo alipoinua ile saa, akaikunjia uso, akasema, "Hii mbona kama imekaa sana ghalani," kisha akaitia menoni, hakuwa na nia mbaya. Yule kijana alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku nilipozimia kwenye ubatizo nikiwa nimembeba mtoto wa watu. Mlinzi akaja. Ponsiano akaitoa mdomoni, akaifuta kwenye koti la ndoa, akasema kwa utulivu, "Ni ngumu. Bado naifikiria."

Nilidhani tumefukuzwa maisha. Kumbe! Kijana alituletea kahawa nyingine. Mwishowe nilielewa: kwenye maduka yale, mtu akivaa vizuri na kuwa na adabu, huenda hana kitu, lakini mtu mwenye matope kwenye viatu, anayetafuna saa na kusema bado anafikiria, huyo lazima ana mgodi. Wakamwomba namba ya simu. Wiki nzima iliyofuata, katikati ya mngurumo wa mashine, Ponsiano alikuwa anapokea simu, anaziba sikio moja, anapiga kelele, "Nasema bado nafikiria!"

Mara ya pili tulikwenda duka lililo ndani ya hoteli, karibu na bahari. Hapo muuzaji alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya padri wa maungamo. Alituambia saa ile imetengenezwa na fundi mmoja kwa mikono yake kwa miezi tisa. Ponsiano akasema, "Hiyo ni mimba." Akatuambia inaweza kuzama mita mia tatu majini bila kuharibika. Ponsiano akafikiria kidogo, akauliza, "Mzee, Mto Kilombero ukinifikisha mita mia tatu chini, saa itanisaidia nini?" Yule mtu alicheka kwa heshima, kama wanavyocheka kwa heshima watu wanaolipwa. Bei aliiandika kwenye kikaratasi, akakisukuma mezani kifudifudi. Ponsiano akakifunua, akakitazama, akakirudisha kifudifudi. "Naifikiria," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Sitajifanya mtakatifu katika habari hii. Mara ya kwanza nilikwenda kwa kejeli, mara ya pili nilikwenda kwa ajili ya kahawa, na mara ya tatu nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimejua saa kwa kengele ya kigango na kwa kivuli cha ukuta, nilikuwa naketi kwenye kiti cha ngozi nikiuliza kama kioo ni cha yakuti, kile kisichokwaruzika. Kule Michenga nilimweleza mke wangu habari za kioo cha yakuti. Aliniuliza kama nimenunua chumvi.

Duka la tatu lilikuwa Masaki, ghorofani, na aliyetuhudumia ni binti mmoja mchangamfu aliyevaa kibati cha jina, Gladness. Huyu hakuwa na glavu wala sauti ya maungamo. Alitoa saa moja yenye mishale ya kawaida na mshale mmoja wa ziada, mwekundu.

"Hii ni ya wasafiri, bosi," alisema. "Mishale hii inakupa saa ya ulipo, huu mwekundu unakupa saa ya nchi nyingine. Kwani wewe huwa unasafiri wapi?"

"Mlimba," Ponsiano akasema.

"Mlimba ni ya wapi, Ulaya?"

"Mbele ya Ifakara."

Binti wa watu hakutetereka. Alisema hata huko itafanya kazi. Na hapo Ponsiano akapata wazo ambalo, naapa, walioitengeneza ile saa hawakuwahi kulifikiria: mishale mikubwa ikae kwenye saa za Kizungu, za benki na hospitali, na mwekundu ukae kwenye saa zetu wenyewe, za watu, ili ukweni wakisema saa nne asione kitu kingine bali nne. Gladness akashika kifundo, akazungusha, akaweka. Ponsiano akaivaa, akanyoosha mkono mbali, akauvuta karibu. Nilimwona usoni. Hakuwa anaona saa, alikuwa anaona Sanje.

"Katekista, unasemaje?"

Ningeweza kusema kitu cha busara. Nilisema, "Chukua hiyo. Ina yakuti."

Akaichukua. Bei sitaitaja, ilikuwa ya mtu kujenga nyumba ndogo ya bati na choo chake. Kuanzia siku ile Ponsiano akawa mtu mwingine. Alikuwa anakunja mkono wa shati upande mmoja tu. Mteja akimuuliza zamu yake itafika lini, anainua mkono, anatazama, anasema, "Saa saba na dakika kumi na mbili." Haikuwa hivyo, maana umeme hauna habari na yakuti, lakini alisema vizuri. Na alitazama hata pasipoulizwa. Akila anatazama. Akiongea na wewe, jicho linashuka, linarudi. Niliona, nikacheka.

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka tulitoka Ifakara saa mbili kamili, mashine imefungwa kwa kufuli, wateja wamefukuzwa. Barabara siku hizi ni nzuri. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshafika kwenye kidaraja kabla ya nyumba ya Mzee Fidelis. Ponsiano akasimamisha gari hapo. Akasema hatuwezi kuwahi, hatuwezi kuchelewa, tumeambiwa saa nne. Tukakaa nusu saa nzima ndani ya pikapu, milima ya Udzungwa juu yetu, yeye akiutazama ule mshale mwekundu ukisogea. Nami nikiutazama. Ulipogusa nne akawasha gari.

Hapa naomba nieleze kitu kwa ajili ya wageni wa bonde hili, maana wenyeji wanaweza kuziba masikio. Saa nne ya mwaliko ni ahadi ya kwamba kabla jua halijaanza kuinama watu watakuwa wameonana. Mwenyeji akisema saa nne anajua mgeni atafika saa sita, na mgeni anajua kwamba mwenyeji anajua. Katikati hapo ndipo kuku anachinjwa, ua unafagiliwa, wazee wanatafuta viatu. Kufika saa kumi ni dharau. Kufika saa nne kamili ni kumvamia mtu. Hakuna anayefundishwa hili, sote tumekua nalo. Mimi nalijua, na bado ndiye niliyemwambia yule mtu asifike na dakika moja juu yake, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka kusema neno zito.

"Hodi!" Ponsiano akaita uani, kwa sauti ya mtu aliyekuja na ushahidi.

Mzee Fidelis alikuwa katikati ya ua, amevaa bukta na fulana yenye matundu, kisu mkono mmoja, kuku mkono mwingine. Mama yake Verediana, Bibi Restituta, alikuwa ameketi mkekani miguu ameinyoosha, kanga kifuani, mabega wazi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima. Nyuma yake Verediana na kitana. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hupishana njia kwa heshima. Hata kupeana mkono ni jambo la kuandaliwa. Ponsiano alimwona mabega. Bibi yule, na umri wake, aliinuka na kuingia ndani kwa kasi ambayo mimi nilikuwa nayo nikiwa jeshini, akaacha kandambili moja mkekani. Mzee Fidelis alitukodolea macho, vidole vikalegea, kuku akaenda zake. Kuku peke yake ndiye aliyefurahia ujio wetu.

"Karibuni," alisema Verediana, macho chini. "Mmewahi."

Neno hilo ni la sifa. Sijawahi kulisikia likisemwa namna ile.

Tukawekwa kwenye benchi. Tulikaa hapo mpaka saa saba kasoro, tukisikia watu wakipitapita nyuma ya nyumba kwa minong'ono, watoto wakitumwa kukopa viti, kuku akikimbizwa kwenye migomba ya jirani. Nilijisikia mjinga. Ponsiano hakujisikia chochote, aliniinamia akaninong'oneza, "Leo hawana la kusema."

Lakini ukweli usemwe, watu wale walikuwa waungwana. Mzee Fidelis alitoka na suti na fimbo kana kwamba tumeonana sasa hivi kwa mara ya kwanza. Wazee wanne wakaketi, Bibi Restituta akaketi mbali ndani ya kitenge kipya, kichwa amekifunga. Habari za asubuhi hazikutajwa. Posa bado ilikuwa inaweza kupona.

Mzee Fidelis akaanza kusema. Alianza na babu yao aliyetoka Mahenge na mbuzi watatu, akamvusha mto, akamwingiza kwenye mwaka wa mafuriko, ili ampandishe polepole mpaka Sanje. Hadithi hiyo ni ndefu, na ni ndefu kwa makusudi. Ndiyo mtihani wenyewe. Mposaji haruhusiwi kusema neno, anayesema ni mshenga. Yeye kazi yake ni kukaa na kusikiliza, nao wanamtazama anavyokaa. Ponsiano alikaa vizuri. Mgongo umenyooka, mikono magotini.

Babu alipokuwa anavuka mto, jicho la Ponsiano likashuka mkononi, likarudi.

Kwenye mafuriko likashuka tena. Nilimkanyaga mguu. Alinitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu anayekanyagwa bila kosa. Nilimuuliza baadaye, akaniapia kwamba hakujua anatazama, na namwamini. Alikuwa anaitazama bila kujijua, kama unavyokuna kidonda. Mara ya tatu akauinua na mkono wenyewe kidogo, akausogeza kwenye mwanga.

Mzee Fidelis akamwacha babu palepale kwenye maji.

"Mshenga."

"Naam, mzee."

"Muulize mwenzako kama ana safari."

Ponsiano alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, lakini desturi ni desturi. Nikageuka nikamuuliza. Akaninong'oneza. Nikageuka tena. "Anasema hapana, mzee."

"Muulize kama ameacha mpunga wa mtu mashineni."

"Hapana, mzee. Mashine ameifunga."

"Muulize basi hapo mkononi anatafuta nini."

Mshenga mwenye ulimi laini angesema kijana wenu ana wasiwasi, mzee, ni mapenzi. Hata mtoto angelisema hilo. Mimi, nikidhani namfagilia njia, nikasema, "Mzee, ni saa mpya. Ameinunua Dar es Salaam kwa ajili ya siku ya leo." Na kama vile hiyo haikutosha, nikaongeza, "Kioo chake ni cha yakuti."

Mzee mmoja akasema, "Ee." Halafu wakainuka wote wakaenda nyuma ya nyumba.

Hawakukaa sana. Waliporudi Mzee Fidelis hakuketi. Alisema taratibu, bila ukali wowote, na alinitazama mimi muda wote.

"Mshenga, mwambie mwenzako ni mtu mzuri, hatuna neno baya juu yake. Ila huyu binti yetu tulishawahi kumpa mtu wa saa. Dereva. Hapo ulipokaa wewe ndipo alipokuwa anakaa, chai mkono huu, saa mkono huu. Alikuwa anawahi Makambako. Tulimzika Jumatano. Mtoto wetu huyu akakaa na sisi miaka tisa mpaka akaanza tena kucheka. Mwambie hatuwezi mara ya pili. Na tusimcheleweshe."

Halafu tukalishwa. Wali, kuku yule yule, mboga za maboga. Tukafungiwa na mkungu mkubwa wa ndizi nyuma ya pikapu. Ukitaka kujua kama umekataliwa kweli, angalia ukubwa wa mkungu. Ponsiano alikula kila kitu alichowekewa, ameketi, sahani mapajani, na hakuna aliyemharakisha. Nadhani ndicho chakula cha kwanza alichokula ameketi baada ya muda mrefu, na sikuweza kumtazama.

Verediana alitusindikiza mpaka barabarani. Nilijitia kukagua kamba ya ndizi, lakini masikio yangu hayajastaafu.

"Mjomba amesema," alisema Verediana.

"Nimesikia."

"Ile mara ya kwanza mlipoondoka, unajua alisema nini? Alisema mtu anayeacha posa yake kwa sababu ya mpunga wa mtu wa mbali, huyo ni mtu wa kukaa naye. Hilo la wakati alilisema tu, ili asionekane amewapa kirahisi." Akashusha sauti. "Mimi nilikuwa nimekuwekea chakula. Wazee walipoondoka sikukitoa."

"Sikujua, Verediana."

"Ungechelewa tu, Ponsiano. Nilikuwa nakusubiri."

Hakulia. Akamshika kola, akaitazama. Ilikuwa imekaa sawa, koti lilikuwa limepigwa pasi mjini, hapakuwa na kitu cha kugeuza. Akaiacha. Akarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu kulikuwa na vyombo vya wageni vya kuosha.

Tuliingia kwenye pikapu. Ponsiano alishika usukani, hakuwasha. Basi likapita, malori ya miwa yakapita, jua likashuka upande wa bonde. Nilikuwa na maneno mengi, mengine mazuri sana, na kwa mara ya kwanza tangu niache ukatekista sikulitaka hata moja. Mwishowe aliniuliza tumekaa pale muda gani. Mkono wenye saa ulikuwa juu ya usukani, mbele ya macho yake. Nikamwambia sijui.